Maji Mbeya: usimpe fundi hela mkononi, dai namba ya malipo kwanza

Mkuu, uzi wako nimeusoma nikakwama kwenye mstari wa fundi. Unasema umejenga Isyesye, unahamia mwezi ujao na familia, unaulizia na hospitali, na kuna fundi ameahidi kukuvutia maji kwa laki tatu na nusu ndani ya siku mbili bila wewe kukanyaga ofisi ya mamlaka ya maji. USIMPE. Kama umeshampa kianzio, kidai leo hii kabla hujalala.

Mimi mwaka 2019 nilimpa mtu wa namna hiyo 420,000. Mpaka mambo yanaisha nilikuwa nimetokwa na milioni moja, laki nne na tisini elfu, na nikawa nimemkosea jirani ambaye hakuwa na kosa lolote kwangu.

Huyo fundi aliletwa na dalali aliyeniuzia kiwanja. Alinikuta saiti, amevaa ovaroli ya bluu na kizibao cha kung'aa, mkononi ana spana na mkanda wa kupimia. Alivyoonekana, hata wewe ungeamini ametoka ofisini. Dalali akaniambia, "Kaka, huko watakuzungusha miezi, huyu ni mtu wa ndani, Jumapili anamaliza." Mimi nilikuwa nimechoka kununua maji ya madumu yanayopandishwa na bodaboda, nikatoa hela mkononi. Sikudai karatasi yoyote.

Jumapili, watu wakiwa kanisani, akaja na vijana wawili wakachimba. Mtaro wenyewe wa shubiri moja, ukipanda mahindi jembe linalifikia bomba. Wakafunga na mita, tena ina lakiri. Jioni maji yakatoka kwa nguvu kiasi kwamba nilimpigia mke wangu Iringa nikamsikilizisha bomba kwenye simu. Akaanza kufunga mizigo.

Kila mwezi kijana alikuwa anakuja "kusoma mita", anaandika kwenye daftari, anachukua elfu kumi. Miezi saba! Majirani wote wanapata bili kwa ujumbe wa simu, mimi napata kijana na daftari, na sikujiuliza. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Sasa sikia yalipokuwa yanatoka hayo maji. Nyumba ya pili kutoka kwangu anaishi mama mmoja mstaafu na wajukuu zake. Bili yake ilikuwa inacheza kwenye elfu nane. Ghafla ikawa elfu thelathini na tano, mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akawagombeza wajukuu, akalifunga bomba la nje kwa kufuli, bili ikabaki pale pale. Akaenda kulalamika hadi mafundi wa kweli wakaja, Jumatano asubuhi, na mimi nikiwa nyumbani. Wakafunga mabomba yake yote, mpaka koki ya choo, wakasimama kwenye mita. Kile kigurudumu chekundu kikawa kinazunguka taratibu, hakisimami. Nyumba nzima hakuna tone linalotoka, na mita inatembea.

Wakachimba kufuata bomba. Hatua chache baada ya mita yake wakakuta kiungo cha tii kimezungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli, na kutoka hapo bomba la nusu inchi linaelekea uwanjani kwangu. Mita yangu waliposoma namba yake na kuitafuta kwenye orodha ya wateja, haikuwepo.

Yule mama hakupiga kelele. Aliniangalia akasema, "Kumbe mwanangu, muda wote huu nilikuwa nawaonea watoto wangu." Nilitamani anitukane.

Hesabu yangu hii hapa. Fundi 420,000. Kijana wa daftari 70,000. Faini ya kujiunganishia maji 500,000. Kumrudishia mama maji yangu aliyoyalipia yeye 190,000. Halafu kuunganishwa upya kihalali 310,000. Yaani njia halali tangu mwanzo ilikuwa 310,000, pungufu ya nilichompa yule tapeli! Na usidhani utajitetea kwamba ulidanganywa. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 inahesabu kuunganisha maji bila idhini kuwa ni kosa, na anayekutwa na bomba ni wewe mwenye nyumba, kishoka, yaani huyo fundi feki, ameshahamia mtaa mwingine. Dalali nilipompigia alinijibu, "Mimi niliuza kiwanja, sikuuza maji." Mtu aliyekula asilimia yake kwangu na kwa fundi! Mpaka leo nikimwona Mafiati navuka barabara, maana nikisogea sitajizuia.

Kwa hiyo shika neno moja: NAMBA YA MALIPO. Ile ya tarakimu kumi na mbili, wengi wanaiita kontroo namba. Mafundi wa mamlaka ya maji hawapokei hela mkononi. Anayekuambia "nipe mimi nikakulipie" ni kishoka hata akiwa na kitambulisho shingoni. Unapoipokea, hakikisha bili ina jina lako, si la mtu mwingine. Na mita ikishafungwa, linganisha namba iliyoandikwa usoni mwa mita na ile iliyo kwenye bili yako ya kwanza. Mwezi wa kwanza ukipita bila ujumbe wa bili, nenda ofisini ukaulize mwenyewe, usishangilie maji ya bure.

Njia yenyewe wala si ngumu kama walivyokutisha. Unaanza kwa mjumbe na mtendaji wa mtaa upate barua ya utambulisho, unaongeza kitambulisho na uthibitisho kwamba kiwanja ni chako, unajaza fomu ya maombi. Mpimaji anakuja kuangalia umbali kutoka bomba kubwa, unapewa makadirio, unalipa kwa hiyo namba, wanakuja kuunganisha. Siku mpimaji anapokuja uwepo mwenyewe saiti, umuulize bomba linachukuliwa wapi na linapita wapi. Mbeya imekaa kwenye miinuko na maji mengi yanashuka kwa mserereko kutoka kwenye matangi, kwa hiyo nyumba mbili za mtaa mmoja zinaweza zisipate maji sawa. Nunua simtanki hata kama jirani anakuambia hakuna mgao.

Hospitali uliyouliza: mkeo kama ni mjamzito, Meta ndiyo ya wazazi, iko chini ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Kliniki aanzie kituo cha afya cha karibu, huko juu wampeleke kwa rufaa. Na hata huko mtu akikuambia umpe hela mkononi akuharakishie vipimo, dai namba ya malipo. Umeme vilevile, maombi unafanya mwenyewe kwa simu kwenye NIKONEKT, ule mfumo wa TANESCO wa kuomba umeme, na usimruhusu huyo huyo fundi wa maji akuambie ana rafiki yake wa nguzo. Hawa wanatembea wawili wawili.

Kesho asubuhi mpigie huyo fundi umwambie: nitumie namba ya malipo yenye jina langu, nalipa saa hiyo hiyo. Usiongeze neno lingine. Halafu rudi hapa utuandikie amekujibu nini, na mtaa wako uko upande gani wa Isyesye, nikuelekeze ofisi ya mtendaji ilipo.