Unaanza kushona nyumbani? Gawa kazi kabla hujakaa kwenye cherehani

Wanaonunua cherehani ya kwanza huniuliza swali moja kuliko mengine yote, na wala halihusu kola au zipu. Wanauliza: "Dada, muda unautoa wapi?" Nafanya kazi ya kuajiriwa hapa Dar es Salaam, jioni nina mapishi na madaftari ya watoto kama wengine, na bado nashona. Ninachowajibu ni kwamba kushona ni kazi nne au tano zilizofungwa pamoja. Ukisubiri siku ya kuzimaliza zote kwa mkupuo, cherehani itageuka meza ya kuwekea nguo ambazo hazijapigwa pasi.

Basi zifungue hizo kazi. Kufua kitambaa na kukinyoosha ni kazi ya siku yake, tena kinafuliwa pamoja na nguo zako za kawaida. Usiiruke hatua hiyo. Kitenge kipya huja na wanga na hupungua kikifuliwa mara ya kwanza, kwa hiyo gauni lililokatwa kabla ya kufua linaweza kukubana baadaye. Kukata ni kazi ya siku nyingine, na hiyo ndiyo inayotaka akili iliyotulia na sakafu iliyofagiwa. Mimi nakata Jumapili alfajiri, watoto wakiwa bado wamelala. Vipande vikishakatwa vyote naviweka kwenye mfuko mmoja pamoja na uzi wake, zipu yake, vifungo vyake na karatasi yenye vipimo. Ukiwa na mfuko wa namna hiyo, hata dakika ishirini za saa tatu usiku zinatosha kuunga mabega yote mawili na kuyapiga pasi. Bila mfuko, dakika hizo hizo zinaishia kwenye kutafuta mkasi.

Jaza bobini, vile vigurudumu vidogo vya uzi wa chini, tatu nne kwa wakati mmoja, za rangi unazotumia sana. Na unapoacha kazi, iache mahali ambapo hatua inayofuata inaonekana yenyewe: ubavu umeshapigwa bandi (mshono wa muda wa mkono), sindano ina uzi, kipande kiko chini ya mguu wa cherehani unaokandamiza kitambaa. Ukirudi kesho umechoka, utakanyaga tu na kuendelea.

Kwa wanaoishi nyumba za kupanga, tandika kipande cha zulia au blanketi lililokunjwa chini ya cherehani ili jirani naye alale. Cherehani ikae mahali pamoja, ifunikwe kitambaa, isiingizwe kabatini. Ile kazi ya kuitoa na kuirudisha inawakatisha tamaa wengi kuliko ukosefu wa muda wenyewe. Kama mtaani kwenu umeme unakatika mara kwa mara, fikiria cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Ni nzito, lakini haitakusimamisha katikati ya mshono.

Upindo, vifungo na darizi viwe na mkoba wake mdogo unaotembea nao. Foleni ya kliniki, saluni unaposubiri zamu, kikao cha kikoba kinachochelewa kuanza: huko ndiko pindo zangu nyingi zinakomalizikia. Kofia za mkono za Unguja na Lamu hushonwa kitundu kwa kitundu, kwa wiki nyingi, katikati ya shughuli nyingine za nyumbani. Kazi nzuri kiasi kile, na haijapewa siku yake peke yake.

Kitu kinachokula muda wa wanaoanza kuliko vyote ni uzi kujisokota chini ya kitambaa. Mtu anafumua, anashona, unajisokota tena, mpaka usiku unaisha. Wengi hukimbilia kulaumu bobini, kumbe mara nyingi tatizo liko kwenye uzi wa juu. Nyanyua mguu unaokandamiza kitambaa kabla ya kutia uzi. Mguu ukiwa chini, visahani vinavyobana uzi vimefumba, uzi unapita juu juu bila kushikwa. Tia upya mguu ukiwa juu, kisha jaribu kwenye kipande cha mabaki. Kama bado, badilisha sindano. Kwa kanga na kitenge namba 14 inafaa. Kwa jinzi, 16.

Kazi ya kwanza isiwe gauni. Shona foronya za mito ya sofa, mdomo wa nyuma ukipandana, bila zipu. Kanga moja huwa na takriban sentimita 150 kwa 110, inatoa foronya mbili za mto wa sentimita 45. Kwa kila foronya kata kipande cha mbele cha 47 kwa 47, na viwili vya nyuma vya 47 kwa 32. Kila kipande cha nyuma kunja ukingo mmoja wa sentimita 47: sentimita moja kwanza, kisha mbili, upige mshono. Weka cha mbele uso juu, juu yake vile viwili uso chini, pindo zao zikikutana na kupandana katikati kwa sentimita 11. Shona pande zote nne ukiacha sentimita moja ukingoni, kata ncha za kona, geuza. Ila kabla hujakata, pima jina la kanga. Kama ni fupi kuliko mto, panga vipande ili likae zima kwenye uso wa mbele. Kama ni refu, ihifadhi kanga hiyo kwa aproni. Jina lililokatwa katikati ya neno linaudhi macho ya kila anayejua kanga, na mimi ni mmoja wao.

Sasa mawazo. Wanaoanza huyatafuta kwenye simu, wanakusanya picha za mishono mpaka simu inajaa, na kitambaa bado kiko kwenye mfuko wa dukani. Picha inakuonyesha uso wa nguo tu. Haikwambii zipu iko wapi, wala ndani kumemalizwaje. Mimi nawaelekeza kwenye mitumba: Karume kwa wa Dar, Gikomba kwa wa Nairobi. Tafuta shati lililoshonwa vizuri hata kama lina doa, lipindue, lisome kwa ndani. Ukifika nyumbani chukua wembe ufumue nusu moja tu, mkono mmoja na upande mmoja wa kifua, na nusu ya pili uiache nzima iwe mwalimu wako. Weka alama za chaki pale vipande vinapokutana kabla hujavitenganisha. Vipige pasi, vichore kwenye karatasi ya kaki. Hapo utaona kwa macho yako kwamba mzunguko wa juu wa mkono ni mrefu kidogo kuliko tundu la bega unapoingia, na kwamba ndani ya kola kuna stifu, kitambaa kigumu kinachoisimamisha. Ukishafumua shati moja hivyo, mawazo yanaanza kuja yenyewe: mfuko huu ningeuhamisha, kola hii ningeishona kwa kitenge.

Kinachosaidia pia ni kumshonea mtu fulani, kwa siku fulani. Mtoto anaanza shule Januari, mama mkwe anakuja Idi. Anza mapema, maana wiki ya mwisho kabla ya sikukuu hata fundi mzoefu huzidiwa.

Halafu kuna ndugu. Wakijua una cherehani, wataleta zipu zilizoharibika, suruali za kupunguza, sare zilizochanika, na kila mmoja atasema ni kazi ya dakika mbili. Wapokee kwa heshima, ila zote ziingie kwenye kapu moja na ziwe na jioni yao moja kwa wiki. Waambie siku hiyo mapema: "Shangazi, marekebisho nafanya Alhamisi." Atakayekuwa na haraka ataipeleka kwa fundi wa barazani, na naye fundi atapata riziki. Ukipita kwa fundi huyo, muulize anafanyia nini mabaki ya vitenge. Wengi watakujazia mfuko kwa bei ndogo, na hayo ndiyo ya kujaribia mishono mipya kabla hujagusa kitambaa cha maana.