Atichoki: kipi huliwa, kipi hutupwa

Umeuliza kama majani ya atichoki yako yalibaki magumu kwa kutoiva. Huenda, lakini hata ikiiva vizuri, jani zima halitafuniki. Atichoki ni tumba la ua linaloliwa kama mboga. Kata ncha ya juu, paka ndimu ulipokata maana hugeuka kahawia upesi, kisha pika kwa mvuke dakika 30 hadi 45 kulingana na ukubwa. Vuta jani la ndani. Likichomoka bila shida, imeiva. Kwaruza kwa meno ile nyama laini iliyo kwenye shina la jani, linalobaki tupa. Manyoya ya katikati yakwangue yote kwa kijiko, yanakwama kooni. Chini yake kuna kitako, na utamu wote uko hapo. Tafadhali usikitupe!