Likizo ya Desemba, ndugu walale nyumba moja

Binti tunayemlea alikuwa na miaka 10 siku alipomfungulia mdogo wake kipande cha kanga alichokuwa amekifunga mafundo mawili. Ndani mlikuwa na peremende nne, sabuni ya kuogea iliyobaki nusu, na chapati iliyokwisha kukauka. Alikuwa akivikusanya kwa wiki kadhaa bila mimi kujua. Mdogo mtu, wa miaka minne, akavitazama, akamtazama dada yake, kisha akaenda kujificha nyuma ya mama anayemlea.

Hiyo ilikuwa Dodoma, Desemba 2022. Tulitoka Morogoro na basi la alfajiri, na saa tisa mchana ilibidi tuwe stendi kurudi. Watoto walivalishwa wakapendeza, wakapigwa picha, wakala pilau. Yule mdogo alianza kumzoea dada yake wakati tunatafuta viatu mlangoni. Alilia mpaka akatapika. Dada mtu hakulia. Tulipofika Gairo ndipo aliponiuliza, "Anti, mbona hakuniita dada?"

Mama yao alipofariki, afisa ustawi wa jamii alitafuta familia ya kuwapokea wote wawili. Mimi na mume wangu tulisema tunamweza mmoja. Tuna vyumba viwili na watoto wetu wawili, kwa hiyo sababu ilikuwepo, lakini leo ningesogeza vitanda. Ukiitwa kwa ajili ya malezi ya kambo, kabla hujasema ndiyo, uliza kama mtoto ana ndugu na kama naye amepata pa kwenda. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala ya watoto ulipitishwa mwaka 2009, mwaka uleule Tanzania ilipotunga Sheria ya Mtoto. Unasema ndugu waliozoeana wasitenganishwe ila pakiwa na hatari ya ukatili au sababu nyingine inayomlinda mtoto. Na wakishatenganishwa, zifanyike kila juhudi wasipoteane. Nilikuja kuusoma nikiwa nimeshachelewa.

Kama wenu wameshatengana kama wetu, msiwape siku moja ya sikukuu. Waombeeni siku za kulala. Mtoto mdogo hamkumbuki mtu kwa pilau na picha. Anamkumbuka kwa kugombania naye ndoo ya kuogea, kwa kuamka asubuhi na kumkuta bado yupo.

Sisi sasa tunapeleka barua ustawi wa jamii mwezi Oktoba, huku kwetu na kule anakoishi mdogo mtu. Tunaandika tarehe ya kwenda na ya kurudi, atakayemsindikiza, namba za simu za pande zote mbili, na mahali mtoto atakapolala. Ukisubiri shule zifungwe, utakuta maofisa wako likizo na mabasi yamejaa. Nauli tunagawana na familia ya Dodoma. Na kama kuna ndugu aliyewahi kumuumiza mwenzake, mwambie afisa kabla ya yote, wala usione aibu. Hapo watoto wakutane mbele ya mtu mzima.

Desemba 2023 mdogo mtu alikuja kwetu siku kumi, na siku mbili za mwanzo zilikuwa ngumu. Dada yake alimkazania kumlisha, kumnawisha, kumfuta kamasi, naye anamsukuma. Nikaingilia: "Mwache ale mwenyewe, wewe nenda ukacheze." Akatoka, akaenda kukaa kwenye simtanki, hakurudi mpaka giza. Usiku ndipo aliponieleza kwamba mama yao alipokuwa mgonjwa, yeye ndiye aliyekuwa akikoroga uji wa mdogo wake na kumwamsha usiku akojoe. Mimi nilidhani nampumzisha, kumbe nimemnyang'anya kitu pekee alichokuwa nacho cha kumpa.

Watoto wengi waliowahi kuwalea wadogo zao wako hivyo. Usimwachie mzigo wote, maana naye ni mtoto, lakini usimpokonye wote kwa mara moja. Nilimrudishia moja: kumwamsha usiku. Kuoga, kula na dawa vikabaki vyangu. Siku ya nne nilikuwa jikoni nachambua mchele, nikasikia kutoka uani, "Dada! Karai limejaa!" Alikimbia, ndala moja ikabaki ukumbini.

Watoto wako wa kuzaa nao watanuna. Wangu walinuna. Tenga nusu saa uwe nao peke yao, inatosha.

Kuagana ndiko kunakohitaji maandalizi kuliko kupokeana. Usimtoroke mtoto akiwa amelala, hata kama unaona unamwepusha na kilio. Sisi tulitundika kalenda ukutani wakawa wanakata siku moja moja, na tarehe ya kukutana tena ikazungushiwa duara kabla ya begi kufungwa. Kisha dada mtu ndiye aliyempeleka mdogo wake Dodoma, mimi nikiwa nao, tukalala usiku mmoja kule. Akaona kitanda cha mdogo wake, akaona anakoning'iniza sare za shule. Tangu hapo akaacha kuniuliza kila usiku kama mdogo wake anakula. Kuanzia 2024 tunapanda treni ya SGR, na mtoto hafiki tena akiwa amechoka na kutapika njiani. Katikati ya mwaka wanatumiana sauti kwa WhatsApp kila Jumapili jioni, na mama mwenzangu wa Dodoma hajawahi kukosa. Namshukuru sana.

Mwaka huu barua ameiandika binti mwenyewe, ana miaka 13 sasa. Nimemsahihishia tarehe tu. Kwenye mahali mtoto atakapolala ameandika: "Dabo deka, yeye chini, mimi juu."