Kwenda kufundisha Quetzaltenango bila kujua Kihispania

Dada yangu, umeuliza utaishije miezi sita Quetzaltenango, Guatemala, ukifundisha kwa kujitolea ilhali Kihispania hukijui. Usiogope, Kiswahili kitakubeba: irabu zao ni tano kama zetu, ñ ni "ny" ya nyumba, na j inakaribia "kh" ya kheri. Mji ule una shule nyingi za Kihispania, mwalimu mmoja kwa mwanafunzi mmoja. Anza huko wiki za kwanza.

Kaa na familia, usipange chumba peke yako. Lugha utaiokota mezani. Mimi siku ya kwanza nilimaliza kula nikainuka kimya, na mama mwenye nyumba akabaki ananitazama, tortilla, ile chapati ya mahindi, mkononi. Kumbe ukiinuka unasema "muchas gracias", yaani asante sana, nao wanakujibu "buen provecho", yaani chakula kikunufaishe. Sikusahau tena, na toka siku hiyo tukawa tunapiga soga mpaka chai inapoa.

Darasani watakuita "seño", ndiyo mwalimu wa kike. Watoto wengine, hasa wa vijijini, nyumbani huongea Kik'iche', lugha ya Wamaya wa huko, kwa hiyo Kihispania ni lugha ya pili kwao kama kwako. Nakuomba sana ujifunze japo "maltyox", yaani asante. Watu wazima waambie "usted", ndiyo "wewe" ya heshima, hata wakiwa wapole kiasi gani.

Beba sweta nzito, mji uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Na fika Januari: mwaka wa shule huisha Oktoba, ukienda Novemba utakuta madarasa matupu.