Jibu: Kuhamisha oda za WhatsApp kwenda Sheets bila kunakili moja moja

Salaam mkuu. Kama nimekuelewa, oda zinaingia WhatsApp, nawe unazinakili moja moja kwenye Google Sheets (majedwali ya mtandaoni). Hilo limenitesa sana. Kwanza angalia kama gumzo linakubali kuhamishwa nje (Export chat). Chagua bila picha, upate faili la maandishi. Mpe Gemini au ChatGPT (programu za akili bandia) faili hilo, umwambie: “Panga jedwali: tarehe, jina, simu, bidhaa, idadi. Kisichoandikwa acha wazi.” Sentensi ya mwisho usiiruke, bila hiyo anaweza kubuni idadi kwa kujiamini kabisa! Kabla ya kubandika jedwali kwenye Sheets, weka safu ya simu iwe maandishi, la sivyo sifuri ya mwanzo inapotea. Kisha hesabu mistari ya jedwali, uone kama inalingana na oda za kwenye gumzo. Oda za sauti bado naziandika kwa mkono.