Wasomaji Wanauliza: Thailand na Laos kwa Njia ya Nchi Kavu

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa historia niliyestaafu. Watoto wangu wamenichangia fedha ili nami nisafiri nje ya Tanzania, na nimechagua Thailand na Laos kwa ajili ya mambo ya kale. Wakala mmoja amenipa ratiba ya siku 14 kwa basi, tukiwa na mwongozaji: siku 4 Bangkok, halafu Ayutthaya, mahekalu ya mawe ya kaskazini-mashariki, Ban Chiang, daraja la Nong Khai la kuvukia mpaka, Vientiane ambao ni mji mkuu wa Laos, na mwisho Luang Prabang. Wakala wa pili ananiambia kwamba kaskazini-mashariki hakuna kitu, na kwamba kwa umri wangu ni afadhali nipande ndege kutoka Bangkok moja kwa moja hadi Luang Prabang. Nimsikilize yupi?
Mwalimu mstaafu, Ujiji

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Msikilize wa kwanza. Huyo wa pili hakukosea kuhusu mapumziko, kwa kuwa Luang Prabang ni mji mtulivu na ndege hufika upesi, lakini kwa mtu aliyefundisha historia ushauri wake unaruka sehemu ambayo bila hiyo ni vigumu kuelewa kwa nini Bangkok na Vientiane husimulia mambo yaleyale kwa namna zinazopingana.

Uwanda wa kaskazini-mashariki mwa Thailand huitwa Isan, na wakazi wake wengi ni wa asili ya Kilao. Baadhi yao ni wazao wa watu waliohamishwa kwa nguvu na majeshi ya Siam, kama Thailand ilivyoitwa wakati huo, baada ya Vientiane kutekwa na kuteketezwa mwaka 1828; wengine walikuwapo tangu zamani. Mwaka 1893 Ufaransa iliilazimisha Siam kuachia ardhi ya ukingo wa mashariki wa mto Mekong, na watu wa lugha moja wakajikuta chini ya dola mbili. Msomaji wa Ujiji hahitaji kuelezwa sana jambo hili, maana Wamanyema anaoishi nao wana jamaa zao ng'ambo ya ziwa ambao mpaka uliochorwa na Wazungu uliwafanya kuwa raia wa nchi nyingine.

Ukifika Nakhon Ratchasima, ambao ndio mlango wa kuingilia Isan, mwombe mwongozaji asimamishe basi katikati ya mji penye sanamu ya Thao Suranari. Huyu alikuwa mke wa naibu gavana, na Wathai husimulia kwamba katika vita vya 1826 hadi 1828 aliwaongoza mateka wenzake kulipinga jeshi la Anouvong, mfalme wa Vientiane aliyeasi utawala wa Siam. Watu humletea maua na ubani hadi leo. Siku chache baadaye utakuwa Vientiane, na huko, kwenye bustani ya ukingo wa Mekong, utamkuta Anouvong huyohuyo katika sanamu kubwa iliyosimamishwa mwaka 2010, ameuelekea mto na nchi ya Thailand iliyo ng'ambo yake. Kwa upande mmoja ni mvamizi na mwasi, kwa upande wa pili ni shujaa aliyekufa akiwa mateka Bangkok. Ndiyo sababu nakushauri umuulize wakala kabla hujalipa iwapo upande wa Laos mtapokelewa na mwongozaji Mlao, kwa maana mtu mmoja hawezi kukusimulia vita hivyo kwa vinywa viwili.

Sanamu nyingine ya kufuatilia ni ile ya Buddha wa Zumaridi, iliyochongwa kwa jiwe la kijani, yenye urefu wa sentimita 66 hivi. Utaiona Bangkok katika hekalu la Wat Phra Kaew, ikiwa imevikwa vazi la dhahabu ambalo mfalme hulibadilisha mara tatu kwa mwaka kulingana na majira. Ilikaa Vientiane tangu miaka ya 1560 hadi 1779, majeshi ya Siam yalipoichukua. Jumba lililojengwa Vientiane kwa ajili yake, Haw Phra Kaew, lilijengwa upya katika karne ya 20 na sasa ni makumbusho. Utaingia humo na kuona sanamu nyingine nyingi, isipokuwa ile iliyolipa jumba jina lake. Karibu yake ipo Wat Si Saket ya mwaka 1818, hekalu lililosalimika wakati mji ulipoteketezwa, lenye maelfu ya sanamu ndogo zilizopangwa ndani ya vishubaka ukutani.

Mahekalu ya mawe uliyotajiwa ni kazi ya dola ya Khmer, ile iliyojenga mahekalu ya Angkor huko Kambodia. Phanom Rung liko juu ya mlima wa volkano iliyozimika, na mara chache kwa mwaka, Aprili na Septemba zikiwamo, jua linapochomoza hupenya milango 15 iliyopangwa katika mstari mmoja. Juu ya mlango wake mmoja lipo jiwe lenye mchongo wa Vishnu, mungu wa Kihindu, aliyelala, ambalo liliibwa, likaonekana katika jumba la makumbusho la Chicago, na likarudishwa mwaka 1988 baada ya wananchi kupiga kelele. Ban Chiang ni makaburi ya kale yenye vyungu vilivyochorwa kwa rangi nyekundu na vifaa vya shaba nyeusi. Ukisikia ikidaiwa kwamba shaba hiyo ina umri wa zaidi ya miaka 5,000, jua kwamba vipimo vya baadaye vimeipunguza sana hesabu hiyo. Sifa ya mahali hapo haipungui.

Usikubali pia kupitishwa Isan bila kusimama kijiji chochote cha wafumaji. Chini ya nyumba zilizoinuliwa juu ya nguzo utawakuta akina mama wakifunga mafungu ya nyuzi za hariri kwa kamba nyembamba, fundo baada ya fundo, kabla ya kuzitumbukiza katika rangi. Panapofungwa rangi haiingii, na uzi huo unapopitishwa kwenye mtande kama mshindio, mchoro hujitokeza wenyewe kwenye kitambaa, kingo zake zikiwa na ukungu kidogo. Kosa la fundo moja huonekana kwenye sketi nzima. Ufumaji wenye michoro ya naga, nyoka wa majini anayeheshimiwa pande zote mbili za mto, uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi usioshikika kwa jina la Laos mwaka 2023, lakini utauona Isan kabla hujavuka daraja.

Neno langu dhidi ya ratiba hiyo ni siku 4 za Bangkok, ambazo ni nyingi. Mbili zinatosha. Mwombe wakala mbili zinazobaki azihamishie mkoa wa Xieng Khouang nchini Laos, penye Uwanda wa Mitungi, yaani mamia ya mitungi mikubwa ya mawe iliyohusiana na maziko ya kale na iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2019. Barabara ya kutoka Luang Prabang ni ya milima na itakuchosha, sikufichi. Hapo tembea ndani ya alama za njia tu: kati ya 1964 na 1973 ndege za Marekani ziliangusha Laos zaidi ya tani milioni 2 za mabomu, na mengi ambayo hayakulipuka bado yamo ardhini.

SWALI: Mimi na mume wangu ni Waislamu na tunafikiria safari kama hiyo. Je, tutakula nini, na je, tutalazimishwa kuabudu katika mahekalu?
Mama wa Mwanga, Kigoma

JIBU: Dada yetu, hakuna atakayewalazimisha. Mgeni huvua viatu, hufunika mabega na magoti, hukaa bila kuielekezea sanamu nyayo, na mwanamke hamgusi mtawa wala hampi kitu mkononi. Mtandio na gauni refu ulivyo navyo tayari vinatosha. Kule Luang Prabang, watawa wanapopita alfajiri kupokea wali, simameni upande wa pili wa barabara, kimya, bila mwanga wa kamera. Yale ni ibada ya watu, na baadhi ya watalii wameigeuza kuwa maonyesho.

Kuhusu chakula, Thailand ina Waislamu wengi na alama ya halali huonekana kwenye bidhaa na migahawa. Isan na Laos panahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa nyama ya nguruwe hutumika sana. Vientiane kuna misikiti na migahawa ya Waislamu, na kwingineko wali wa kunata, unaoletwa ndani ya kikapu kidogo cha mwanzi na kufinyangwa kwa vidole, huliwa na samaki wa mto aliyechomwa. Mwambieni wakala mapema na mtake jibu la maandishi.

SWALI: Mwezi gani unafaa, na nyaraka gani watu husahau?
Muuguzi, Kasulu

JIBU: Novemba hadi Februari ni kipindi cha ubaridi na ukavu. Machi na sehemu ya Aprili moshi wa mashamba yanayochomwa hutanda kaskazini na Laos, na mwenye pumu asiende. Katikati ya Aprili ni mwaka mpya wao, watu humwagiana maji barabarani. Ni raha, ila vyumba hujaa.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano isikae kwenye sanduku bali kwenye mkoba wa mkononi, kwa kuwa Thailand huitaka kwa wasafiri wanaotoka Tanzania, na chanjo iwe imechomwa angalau siku 10 kabla. Jambo la pili ni viza. Thailand na Laos zina viza tofauti, na viza ya Thailand ya kuingia mara moja huisha kazi mara unapogongewa muhuri wa kutoka pale Nong Khai. Kama ndege yako ya kurudi nyumbani inaondokea Bangkok, omba tangu mwanzo ya kuingia zaidi ya mara moja.