Sikukuu Zinakuja, na Mbwa Wako wa Kuwindia Hana Kazi

Wewe ukienda likizo, mbwa wa kuwindia haendi. Pointer, Setter, Spaniel, Labrador, Vizsla: hawa ni mbwa waliochaguliwa kizazi baada ya kizazi ili washinde porini wakinusa, wakiibua ndege na kuokota waliodunguliwa. Siku ya sikukuu nyumba inajaa watu, matembezi ya asubuhi yanaahirishwa kwa sababu kila mtu yuko jikoni, na ikifika mchana tunaanza kulalamika kwamba mbwa ni mkorofi. Hana kazi tu, na mbwa wa aina hii akikosa kazi hujitafutia mwenyewe. Atapekua mkoba wa mgeni, atapima urefu wa uzio, atakaa mlangoni akisubiri mtu azubae.

Ninaye Pointer jike, Tufani, na jina hilo hakupewa bure. Nimesherehekea naye vya kutosha kujua kwamba usalama wake huanza asubuhi, kabla mgeni wa kwanza hajapiga hodi.

Wengi hushauri umkimbize hadi achoke. Ushauri huo ni nusu tu ya ukweli, maana mbwa wa kuwindia akikimbizwa kila siku huzidi kuwa na pumzi, na anayechoka ni wewe. Mimi naona kinachomtuliza zaidi ni pua. Alfajiri namtoa kwa kamba ndefu na kumwacha anuse apendavyo, bila kumharakisha. Tukirudi namwaga sehemu ya chakula chake kikavu kwenye nyasi za uani, kikiwa kimetapakaa. Mtazame kwa karibu uone kazi ilivyo nzito: pua imegusa majani, mkia umenyooka, pumzi fupi fupi zinasikika, anapita, anasimama ghafla, anarudi hatua mbili, anaokota punje ambayo wewe hukuiona. Dakika 20 za namna hiyo, kisha anajitupa chini mwenyewe. Wageni wakiwa wengi tunarudia ndani: naficha kitu chake cha kuchezea chumbani, namwambia atafute.

Kuna tahadhari moja hapo. Mbwa wenye kifua kinachoshuka chini sana, wakiwemo Weimaraner, Setter na Pointer, wako katika hatari kubwa zaidi ya tumbo kujaa gesi na kujisokota. Likishajisokota, damu haipiti sawasawa, na mbwa anaweza kufa ndani ya saa chache. Kwa hiyo usimpe mlo mmoja mkubwa kisha ukawaachia watoto wacheze naye mpira. Siku hizo mimi hugawa chakula cha Tufani mara tatu, na akishakula anapumzishwa kwanza. Ukimwona anajikakamua kutapika na hakitoki kitu isipokuwa mate, tumbo limevimba na kukaza, hatulii akilala wala akisimama, usingoje kupambazuke na usimpe dawa ya tumbo ya binadamu. Mpakie garini, mpigie daktari wa mifugo mkiwa njiani.

Mlango unanitia hofu kuliko meza. Mgeni anaingia na mizigo mikononi, anaacha mlango wazi, na mbwa mwenye kasi hiyo hahitaji zaidi ya upenyo wa bega. Kwangu hakuna mlango wa nje unaofunguliwa kabla Tufani hajafungwa kamba au hajaingia chumbani kwake. Wageni wakishatulia ndipo anatolewa, akiwa kwenye kamba, awasalimie. Hapa hakosi mtu wa kusema, “Mwache tu, mimi napenda mbwa.” Sawa, lakini hiyo haibadilishi kitu. Heri uonekane mwenyeji mgumu kuliko kuzunguka barabarani usiku ukiita jina. Kagua pia ukosi wake, namba ya simu iwe inayosomeka na inayopatikana. Kama ana chipu chini ya ngozi, kumbuka kwamba chipu haioneshi alipo. Inatoa namba tu inaposomwa kwa kifaa chake, na namba hiyo haina msaada ikiwa uliisajili kwa simu uliyoacha kutumia.

Fataki zina mambo yake. Wapo wanaoamini kwamba mbwa aliyezoea bunduki hawezi kuziogopa, lakini wengine hutetemeka vilevile. Porini mlio una maana, bwana wake yuko pale na baada yake kuna ndege wa kuokota. Fataki hutoka gizani bila utaratibu. Tena mbwa husikia sauti nyembamba za juu ambazo sisi hatuzifikii: binadamu hufikia mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, mbwa takriban 45,000. Matembezi yaishe kabla ya giza, mapazia yafungwe, muziki uwake mapema kabla ya mlio wa kwanza. Akija kujibana miguuni pako, mpapase. Kumfariji hakumfundishi uoga. Kwa mbwa anayechanganyikiwa kabisa zipo dawa nzuri, ila zungumza na daktari wiki kadhaa kabla ili dozi ijaribiwe siku tulivu. Uliza kama dawa inapunguza woga au inalegeza mwili tu, kwa sababu baadhi ya dawa za zamani humlaza mbwa huku hofu ikibaki palepale.

Tukija kwenye kula, wenye Labrador nawapa pole. Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge walionesha kwamba karibu robo ya Labrador wana hitilafu kwenye jeni iitwayo POMC, inayowafanya wawe na njaa zaidi. Huyo humwambii “umeshiba.” Chokoleti, hasa nyeusi, zabibu mbichi na kavu, vitunguu, pombe, mifupa iliyopikwa, vyote viwe mbali naye. Kibaya kuliko vyote ni chingamu na peremende zisizo na sukari, zile zenye zailitoli (xylitol), kitamu kinachotumika badala ya sukari, maana zinaweza kushusha sukari ya mwili wake ndani ya nusu saa. Na hizo haziko mezani, ziko kwenye mikoba, kwa hiyo mikoba yote kwangu huwekwa juu ya kabati.

Mbwa wa kuokota hubeba kila kitu mdomoni. Ukimfukuza ili umnyang'anye, anameza. Mpe kitu bora zaidi abadilishane, mkono ukiwa chini na sauti ya kawaida. Utepe wa zawadi ukishamezwa na ncha ikaonekana mdomoni au nyuma, usiuvute, unaweza kukata utumbo.

Ulizia mapema ni daktari gani wa mifugo anayefanya kazi siku ya sikukuu yenyewe, si siku za kawaida, na namba yake ibandikwe mahali ambapo hata mgeni ataiona. Atakuuliza mbwa ana uzito gani, amekula nini, kiasi gani, saa ngapi. Usimtapishe kwa chumvi kabla hujaongea naye, chumvi yenyewe ni sumu ikizidi. Na karatasi au pakiti ya alichokula, hata ikiwa imetafunwa na kulowa mate, nenda nayo.